Shingo, Ndege na Madaktari Watatu

 

Sisi mafundi cherehani tunaijua shingo. Mteja akianza kuomba kola ya kusimama kwenye kila gauni, hatuhitaji kumuuliza umri. Siku hizi wapo wanaovuka hapo na kuulizia upasuaji wa kukaza shingo: unafanyika wapi, Nairobi, Uturuki au India, na ni shilingi ngapi. Wanaoneshana picha za kabla na baada. Ila aliyeharibikiwa hapigi picha, anajifunika ushungi na kukaa kimya. Ndiyo maana tumeona tuandike historia ya upasuaji huu, maana una undugu na Afrika Mashariki yetu kuliko watu wanavyodhani, na waliouanzisha huku hawakuwa watu wa kuficha kilichoharibika.

Tuanze Paris. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia alikuwepo daktari mwanamke, Suzanne Noël, mmoja wa wanawake wa kwanza duniani kufanya upasuaji wa urembo. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kuhusu kazi hiyo na nafasi yake katika jamii. Wengi waliomwendea walikuwa wanawake walioogopa kufukuzwa kazi kwa sababu uso umeonesha umri. Hilo tunalielewa sana sisi wafanyabiashara. Noël alikata vipande vidogo vya ngozi karibu na nywele, akavuta, akashona, na mgonjwa akarudi kwake siku hiyo hiyo.

Tatizo la njia hiyo kila fundi ataliona. Ukivuta kitambaa cha juu na bitana ya ndani imelegea, nguo inakaa vizuri wiki chache, kisha mshono unaanza kuvutika na mkunjo unarudi. Ngozi nayo ina bitana yake, utando ulioshikamana na misuli ya uso na shingo. Miaka ilipita kabla madaktari hawajakubaliana kwamba unaokazwa ni huo. Tord Skoog wa Sweden alionesha njia, na mwaka 1976 Wafaransa wawili, Mitz na Peyronie, wakaueleza utando huo kwa kina. Mshono mbaya wa leo mara nyingi ni kosa lile lile la zamani: uzito wote umetundikwa kwenye ngozi. Utauona kwenye ndewe la sikio lililovutwa chini hadi likashikana na shavu, au kovu lililopanuka nyuma ya sikio.

Sasa twende Uingereza wakati wa Vita ya Pili. Katika mji mdogo wa East Grinstead, kwenye hospitali yenye jina la malkia yule yule aliyepewa ziwa letu, daktari kutoka New Zealand aitwaye Archibald McIndoe aliwatibu marubani waliounguzwa na moto wa ndege. Nyuso zimeliwa, mikono imekunjamana, shingo zimekauka. Hakuwaahidi kwamba operesheni moja itatosha, na wengine walipasuliwa mara kumi na zaidi. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe wakaanzisha chama wakakiita Guinea Pig Club, jina la yule mnyama mdogo wa majaribio, kwa sababu walijua madaktari wanajifunzia juu yao. Vita ilipokwisha wanachama walikuwa 649. McIndoe hakuwafungia wodini. Aliwatoa mjini na nyuso zao za nusu safari, wakaingia madukani na sinema, na aliwaomba wenyeji wawapokee bila kuwakodolea macho. Wenyeji wakafanya hivyo.

McIndoe ndiye aliyekuja kwetu. Alipenda kuja Tanganyika, akawa na shamba upande wa Kilimanjaro. Huko, mwaka 1957, yeye na wanafunzi wake wawili wa zamani walipanga huduma ya madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki, ambayo leo tunaiita Amref. Mmoja alikuwa Michael Wood, daktari Mwingereza aliyeishi Nairobi. (Mkewe Susan ndiye aliyeanzisha shanga za Kazuri mwaka 1975, akianza na akina mama wawili tu. Tumeona tumtaje, hadithi nyingi humsahau mke.) Wa tatu alikuwa Mmarekani, Tom Rees, aliyekuja kuwa miongoni mwa wapasuaji wa urembo maarufu kabisa wa New York. Yaani bingwa wa kukaza shingo za matajiri ni mmoja wa waliotuletea ndege ya madaktari wakatibu midomo sungura na majeraha ya moto.

Huku kwetu shingo inayohitaji kisu mara nyingi ni ya moto. Mtoto ameangukia mafiga, kibatari kimelipuka, mwenye kifafa ameanguka jikoni. Kidonda kikipona bila uangalizi ngozi inajikunja, kidevu kinavutwa kifuani, na mtu hawezi kuinua uso. Kanda ya Ziwa ilipata hospitali kubwa ya Bugando mwaka 1971, pale juu ya kilima. Madaktari wa majeraha haya watakwambia kwamba kupandikiza ngozi mpya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuvaa kola ngumu ya kushikilia shingo kwa miezi na kufanya mazoezi kila siku. Asiyevaa, shingo inarudi kukunjamana. Hayo ndiyo matokeo mabaya tunayoyaona zaidi huku, na mara nyingi chanzo chake ni nauli ya kliniki iliyokosekana.

Rees naye aliandika kuhusu yaliyoharibika, jambo linalotufanya tumheshimu. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha hesabu ya wagonjwa zaidi ya elfu moja waliokazwa uso: wavuta sigara walikuwa na hatari ya ngozi kufa mara 12 hivi kuliko wasiovuta. Sigara inabana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyoinuliwa inaishi kwa mishipa hiyo. Wale dada zetu wa shisha wasijidanganye, huo nao ni moshi wa tumbaku.

Lipo la kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo: upande mmoja wa shingo kuvimba haraka, kuuma na kubana, hasa ndani ya saa 24 za kwanza. Hiyo ni damu inayovilia ndani, na inaweza kubana njia ya hewa. Ngozi inayogeuka nyeusi, usaha na homa navyo havingoji. Mdomo wa chini ukienda upande wakati wa kucheka, mshipa wa fahamu umeguswa. Mwambie daktari, ingawa mara nyingi hurudi wenyewe kwa wiki au miezi. Shimo chini ya kidevu na kamba mbili zimesimama pembeni maana yake mafuta yaliondolewa kupita kiasi. Hilo hurekebishwa, lakini kwa kawaida baada ya miezi sita hadi mwaka, uvimbe ukishaisha. Anayeahidi kurudia kisu mwezi wa pili, ondoka.

Na sisi ngozi nyeusi tuna keloidi, kovu linalokua kupita mpaka wa kidonda. Ukitoboa sikio likatuna, shingo yako imeshakuonya, mwambie daktari kabla hajakugusa. Keloidi ikikatwa tu mara nyingi hurudi. Huchomwa sindano za steroidi, hubandikwa silikoni, na inataka subira.

Kwa upande wa dini, kukaza shingo kwa ajili ya umri tu, wanazuoni wengi hawakuruhusu, na hatutajifanya hatujui. Lakini aliyekwisha kufanya akaumia ana haki ya kutibiwa. Sahaba Arfaja alipoteza pua vitani, akajitengenezea ya fedha, ikaanza kutoa harufu. Mtume (s.a.w.) hakumwambia avumilie, alimwamuru atengeneze ya dhahabu. Tunasema hivi kwa sababu ushungi huficha usaha hata kwa mama mzazi, na aibu imewachelewesha wengi.

Aliyepasuliwa nje ya nchi aombe ripoti ya upasuaji kabla hajapanda ndege, iandikwe kilichokatwa, kilichoshonwa na dawa alizopewa. Bila karatasi hiyo daktari wa nyumbani anabahatisha. Kwa malalamiko, huku bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, na Zanzibar ina baraza lake. Nendeni na faili mkononi, na picha za kila wiki tangu siku ya kwanza.