Wolbachia
Jenasi ya bakteria wanaoishi ndani ya seli za wadudu, buibui na minyoo ya filaria. Waligunduliwa mwaka 1924 na Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach katika mbu wa jenasi ya Culex. Mmoja wa mbu wa jenasi hiyo, Culex quinquefasciatus, huzaliana kwenye mitaro ya maji machafu na vyoo vya shimo, na ndiye mwenezaji mkuu wa matende na mabusha mijini.

Bakteria hawa hurithiwa kupitia yai, kwa upande wa mama tu. Kwa mbu, dume mwenye Wolbachia akimpanda jike asiye nao, mayai hayaanguliwi. Jike aliye nao hazuiliki, hivyo uzao wake huenea.

Ndani ya mnyoo wa filaria anayesababisha matende na mabusha, mageuko yamechukua mkondo mwingine, wa ajabu zaidi: mnyoo hawezi kuzaa wala kuishi muda mrefu bila bakteria wake. Bakteria nao wamepoteza jeni nyingi. Jenomu ya Wolbachia wa mnyoo Brugia malayi ina herufi milioni 1.1 hivi, chini ya robo ya ile ya Escherichia coli. Utegemezi huo umekuwa mlango wa tiba. Katika jaribio la kijiji cha Kimang'a, Pangani, Tanzania, lililochapishwa mwaka 2005, wanaume wenye minyoo ya filaria walimeza doksisaiklini, miligramu 200 kila siku kwa wiki 8. Dawa iliua bakteria, na baada ya miezi 14 minyoo wazima hawakuonekana tena kwa wengi wao.