Padre, Kadi na Diski: Mradi Uliodumu na Mradi Ulioponea Chupuchupu

Nimekuwa kimya kidogo, kazi imenizidi. Juzi rafiki yangu mwalimu alinijia na wazo. Ana kanda za kaseti za wazee wa kijiji chao wakisimulia habari za kale, na anataka tuziweke kwenye mtandao. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Tovuti itakuwa ya rangi gani?" Nami, kama mwanaprogramu yeyote, nilikuwa tayari nawaza nitumie lugha gani ya programu. Sote wawili tulikuwa tumeanzia mwisho. Usiku nikakumbuka miradi miwili ya zamani, nikaona heri niwasimulie.

Wa kwanza ni wa Roberto Busa, padre Mjesuiti wa Italia. Katika tasnifu yake ya udaktari, aliyoitetea mwaka 1946, alitaka kujua Thoma wa Akwino alikuwa na maana gani alipozungumzia uwepo. Akagundua kwamba jibu limejificha ndani ya kineno kidogo cha Kilatini, "in", yaani "katika". Akaandika kwa mkono kadi 10,000 za sentensi zenye kineno hicho. Hicho kimoja tu! Je, akitaka maneno yote?

Mwaka 1949 alikwenda New York kumwona Thomas J. Watson, mkuu wa IBM. Wataalamu walikuwa wameshamwambia Watson kwamba jambo hilo haliwezekani. Busa mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alimwonyesha Watson bango la kampuni yake, lililojigamba kuwa yasiyowezekana huchukua muda mrefu kidogo tu. Watson akakubali, akitania kwamba IBM isije ikageuka kuwa kampuni ya mashine za Busa.

Sasa angalia alivyofanya. Hakurukia maandishi yote. Mwaka 1951 alitoa kwanza kijaribio: faharasa ya maneno ya tenzi za Thoma peke yake. Alipoona njia inapitika, ndipo akajenga timu. Mwaka 1956 alifungua shule ya mafunzo huko Gallarate, kaskazini mwa Italia, ambako vijana, wengi wao wasichana, walifundishwa kutoboa kadi za mashine. Kazi iligawanywa hatua kwa hatua. Msomi anatayarisha matini, mtobozi anatoboa kadi, kadi zinahakikiwa, mashine inapanga.

Hatua ngumu ilibaki kwa binadamu. Sisi wa Kiswahili tutaielewa upesi: "anasoma", "wakasoma" na "hawakusoma" ni sura tatu za neno moja, na kwenye kamusi utatafuta "soma". Kilatini nacho hubadilisha maumbo vivyo hivyo, na mashine haikujua lipi ni la nani. Ilibidi watu waamue, tena kwa kanuni moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa maneno zaidi ya milioni 10.

Kazi ilichukua miaka 30 hivi. Juzuu 56 zilikamilika kuchapishwa mwaka 1980. Kutoka kadi, maneno yale yalihamia tepu za sumaku, yakaingia vitabuni, baadaye CD-ROM, na mwaka 2005 yakafika kwenye mtandao. Busa alifariki mwaka 2011, akiwa ameiona kazi yake ikivuka mashine zote hizo. Iliweza kuvuka kwa sababu kilichotunzwa kilikuwa maneno na kanuni zake. Mashine ilikuwa gari tu.

Alikosea penginepo. Kwa miaka mingi wale wasichana watobozi walisahauliwa, hadi watafiti kama Julianne Nyhan walipowatafuta baadhi yao na kuwahoji. Kumbukumbu ya nani alifanya nini nayo ni data.

Wa pili ni wa Uingereza. Mwaka 1086 nchi iliorodheshwa kwa amri ya Mfalme William: mashamba, watu, mifugo. Kitabu hicho huitwa Domesday. BBC ilipanga kuadhimisha miaka 900 yake mwaka 1986 kwa kutengeneza Domesday mpya ya kompyuta. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki, wengi wakiwa watoto wa shule, walioeleza vijiji vyao kwa maneno na picha. Vyote vikatiwa kwenye diski kubwa mbili za leza, zilizosomwa na mashine maalumu ya Philips iliyounganishwa na kompyuta ya Acorn. Seti nzima iligharimu karibu pauni 5,000, kwa hiyo shule nyingi zilizochangia hazikuweza kuinunua.

Waliopanga hawakuwa wajinga. Mwaka 1984, diski ile ilikuwa mojawapo ya njia chache za kuhifadhi maelfu ya picha na ramani pamoja. Lakini data ilifungwa pingu na mashine, na mashine ikazeeka. Kufikia mwaka 2002, ilibidi watafiti wa Leeds na Michigan waandike programu ya kuiga kompyuta ile ili diski zisomeke tena. Mwaka 2011 BBC iliweka sehemu ya kazi hiyo kwenye mtandao. Tovuti hiyo nayo ilifungwa, ikabaki kwenye hifadhi ya Nyaraka za Taifa za Uingereza. Na kile kitabu cha ngozi cha 1086? Bado kinasomeka.

Kwa hiyo nilimrudia mwalimu na karatasi moja. Tuanze na kanda tatu tu. Nani ataandika yaliyosemwa, na nani atahakiki? Jina la mzee litaandikwaje kila mahali, na je, ametupa ruhusa? Sauti na maandishi tuyaweke katika mfumo ambao programu yoyote inaweza kuufungua. Nakala zikae wapi, na nani atazihamisha miaka kumi ijayo? Rangi ya tovuti nimeiweka mstari wa mwisho kabisa.

Aliisoma, akanyamaza, kisha akaniambia kwamba mmoja wa wazee wale alizikwa mwezi uliopita. Jumamosi tunaanza na kanda yake.