Njiwa-gogo

Njiwa-gogo ni ndege wa mwituni wa Ulaya ambaye Waingereza humwita stock dove. Jina lake la kisayansi, Columba oenas, alilipata kwa Carl Linnaeus mwaka 1758. Ana urefu wa sentimita 32 hadi 34, manyoya ya kijivu, kifua chenye wekundu wa mvinyo na shingo inayometa kijani. Hicho kifua ndicho kinachoelezwa kuwa chanzo cha oenas, kwa kuwa neno la Kigiriki oinas limejengwa juu ya oinos, yaani mvinyo. Shingoni na mbawani hana weupe wowote, tofauti na Columba palumbus, njiwa mkubwa zaidi wa misitu hiyohiyo.

Neno stock limewapotosha wengi. Kwa kuwa Kiingereza hulitumia pia kwa maana ya ukoo au asili, walikuwapo waliodhani ndege huyu ndiye chimbuko la njiwa wa kufugwa. Sivyo. Njiwa wa kufugwa wametokana na njiwa wa majabali, Columba livia, kama Charles Darwin alivyofafanua kwa kirefu mwaka 1859. Stock ya hapa ni stocc ya Kiingereza cha kale, gogo au kisiki, nayo inataja mahali anapozalia. Hutaga mayai meupe, kwa kawaida mawili, ndani ya tundu la mti mkongwe. Kulichimba mwenyewe hawezi, hivyo huingia palipooza au palipoachwa na kigong'ota mweusi. Miti ikikosekana hukubali ufa wa jabali, gofu la nyumba, hata shimo la sungura. Wajerumani humwita Hohltaube, njiwa wa uvungu.

Afrika Mashariki hafiki, kwa hiyo hana jina la kienyeji; hua, tetere na ninga ni ndege wengine. Njiwa-mwitu ni jina pana mno. Njiwa-shina lingependeza, ila shina nalo lina maana ya asili, na kosa la Waingereza lingehamia kwetu zima zima. Akiitwa njiwa wa mashinani, atadhaniwa anagombea udiwani. Njiwa-tundu linafuata Kijerumani, lakini tundu ni pia kizimba cha kufugia ndege. Linabaki gogo. Ni kweli kwamba gogo kwa kawaida ni la mti ulioanguka, ilhali njiwa huyu huzalia zaidi katika miti iliyosimama. Hata hivyo, stocc nayo ilikuwa na ulegevu huohuo.