Mwaka 1914 Mpakani Holili: Jarida la Mnara wa Mlinzi kama Chanzo cha Historia

Jarida la Mnara wa Mlinzi, ambalo Mashahidi wa Yehova hulitoa leo bila malipo, lilianzishwa na Charles Taze Russell nchini Marekani mwaka 1879. Tangu hapo limeyafasiri matukio ya dunia kwa unabii wa Biblia, na mwaka 1914 ndio nguzo ya tafsiri hiyo. Insha hii inajadili thamani ya jarida hilo kwa mtafiti wa historia ya Holili, ambako vita vilivyoanza mwaka huo vilipiganwa jirani kabisa na makazi ya watu.

Hesabu ya jarida hutegemea Danieli 4: nyakati saba huhesabiwa kuwa miaka 2,520, kuanzia mwaka 607 KK. Kabla ya 1914, Russell alitarajia kwamba tawala za dunia zingefikia kikomo. Hazikufikia. Baadaye jarida likafundisha kwamba Kristo alianza kutawala mbinguni mwaka huo, na kwamba vita, njaa na tauni ni ishara zilizotajwa katika Injili. Fundisho kuhusu kizazi kilichoshuhudia 1914 lilirekebishwa mwaka 1995. Mwaka wenyewe haukubadilishwa.

Huku Holili, chanzo cha vita kina tarehe nyingine. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yaliiweka Kilimanjaro chini ya Wajerumani na Taveta chini ya Waingereza. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Machi 1916, baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata, majeshi ya Smuts yaliingia Moshi. Wapagazi Waafrika walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina Kariakoo, lililotokana na kikosi chao, limehifadhi kumbukumbu hiyo hadi leo.

Ni dhahiri, basi, kwa nini tafsiri ya jarida ingeweza kumgusa msomaji wa eneo hili: ishara inazozitaja ziliwapata wazee wake. Hata hivyo, ishara haimtaji aliyechora mpaka wala aliyemtwika mpagazi mzigo. Kwa hiyo mtafiti alisome jarida kama ushahidi wa namna waumini walivyoyapa mateso maana, na sababu za mateso hayo azitafute katika mapatano na amri za wakoloni.