Uchukuzi katika Buha: Tangu Bega la Mpagazi hata Nguvu za Umeme

Majina ya vyombo vya safari katika Kiswahili mara nyingi hueleza nguvu inayokiendesha chombo. Gari la moshi liliitwa hivyo kwa sababu ya moshi wa tanuru lake; pikipiki ilipewa jina lake kwa mlio wa injini. Kwa hiyo mtu atakaye kuyaelewa mageuzi ya siku hizi, yaani kuacha petroli na dizeli na kushika nguvu isiyotia hewa ukaa angani, hufaidika akitazama kwanza namna nguvu za uchukuzi zilivyofuatana. Buha, nchi ya miinuko ya Kasulu na Kibondo, yafaa kwa uchunguzi huo.

Kabla ya reli, karibu kila mzigo ulichukuliwa na mtu. Mbung'o wa nyika za chini waliwazuia wanyama wa mizigo. Chumvi ya Uvinza, ambayo watu wameichemsha kwa kuni kwa zaidi ya miaka elfu moja, ilisafiri kichwani na begani. Misafara iliyokwenda Ujiji ilitoa hongo, yaani ushuru wa nguo na shanga, kwa watawala wa nchi ilizopita. Henry Morton Stanley alipopita Buha mwaka 1871 alitozwa nguo nyingi, hata akaamua kutoroka usiku kwa siri. Neno hongo zama hizo halikuwa na aibu iliyo nayo leo. Lilikuwa jina la gharama ya njia, na aliyelipa ndiye aliyesafiri.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Katika njia kuu ya Ujiji bega la mpagazi lilipumzika. Lakini reli ilipita chini, kusini mwa miinuko, wala haikupanda Heru wala Muhambwe. Katika zama za Waingereza Waha wengi waliacha kwao wakaenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Na huko milimani mzigo ulibaki kichwani kama zamani. Baadaye injini za mvuke ziliondolewa zikaja za dizeli, lakini jina la gari la moshi halikuondoka.

Motokaa na malori, na katika miaka ya karibuni bodaboda, ndivyo vilivyoifikisha injini vijijini. Faida yake haina shaka: mgonjwa hufika hospitali, na maharage hufika sokoni kabla ya kuharibika. Lakini dizeli yenyewe hutoka ng'ambo, ikapakuliwa pwani, kisha ikasafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja mpaka Kasulu, na lori liletalo mafuta nalo hula mafuta, kama mpagazi alivyokula posho njiani. Tena hongo yake ni ya namna nyingine. Gharama ya moshi haimwishii msafiri. Humwangukia pia mkulima asiyekuwa na chombo chochote, mvua zinapobadilika majira yake. Sasa lami imetandazwa katika njia ya Kabingo, Kibondo, Kasulu na Manyovu, na palipo na njia njema vyombo huongezeka.

Je, umeme ndio dawa? Historia ya Buha yatoa onyo. Mpaka mwaka 2022 umeme wa Kasulu na Kibondo ulitoka katika majenereta ya dizeli. Pikipiki ya umeme katika miji hiyo ingalikuwa chombo cha dizeli kwa njia ya mzunguko: moshi ungalihama barabarani ukaenda kwenye jenereta. Mwaka huo gridi ya Taifa ilifika kupitia Nyakanazi, na majenereta yakazimwa. Gridi hiyo nayo hulishwa kwa maji na kwa gesi asilia. Tangu Februari 2024, mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji ulipoanza kazi, sehemu ya maji imekua sana. Bwawa hilo lilikusudiwa kutoa megawati 2,115. Katika mto Malagarasi wenyewe, ambao misafara ya Ujiji iliuvuka kwa mitumbwi, umepangwa mradi wa megawati 49.5. Hivyo kinachokisafisha chombo ni chanzo cha nguvu zake.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kwenda kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro na Dodoma, na mkataba wa kuijenga reli hiyo kutoka Tabora mpaka Kigoma ulitiwa sahihi Desemba 2022. Hapo ndipo panapohitaji hadhari, lisije likarudiwa jambo la 1914, yaani nguvu mpya kupita chini na miinuko kuachwa. Mpagazi hakutia moshi wa injini angani, wala mkulima wa Kitanga asukumaye baiskeli yenye mikungu ya ndizi hatii. Lakini hakuna mwenye busara atakayesema kuwa njia ya kuisafisha hewa ni kuurudisha mzigo begani. Uchukuzi safi kwa watu wa Buha utakuwa ule uondoao moshi na mzigo pamoja. Ukiondoa moshi wa mijini tu, ukaacha mabega ya milimani chini ya mzigo, hongo itakuwa imebadilishwa jina, na walipaji watakuwa wale wale.