Swali la Mzee Dirishani

Mwaka 1984 nilikuwa karani wa malipo katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Dirisha lilikuwa moja, na foleni ya wastaafu ilitoka nje hadi chini ya mwembe. Siku moja mzee mmoja alisogea pembeni akaniuliza, "Mwanangu, zamu yangu itafika saa ngapi?" Nikamjibu kama tulivyozoea: "Subiri tu, mzee." Akasubiri. Saa nane tulifunga dirisha, naye akarudi kwake mikono mitupu.

Sikujua wakati ule kwamba maswali ya namna hiyo yalikwisha kupatiwa hesabu zamani. Mwaka 1908 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark, aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen. Kampuni ikiweka njia chache za simu, wateja walingoja. Ikiweka nyingi mno, fedha zilipotea bure. Mwaka 1909 Erlang alionyesha kwamba simu, ingawa kila moja hupigwa bila taarifa, zikiwa nyingi hufuata kanuni za uwezekano. Mwaka 1917 alitoa kanuni za kukadiria muda wa kungoja. Alifariki mwaka 1929. Mwaka 1946 kipimo cha wingi wa simu kikapewa jina lake. Huo ndio mwanzo wa nadharia ya foleni.

Hesabu zake zina mafunzo. Tuseme watu 10 huja kwa saa, kila mtu kwa wakati wake, na karani ana uwezo wa kuhudumia 12. Utadhani hapatakuwa na foleni. Kumbe, kwa wastani, kila mmoja atatumia dakika 30 tangu kufika hadi kuondoka. Wakija 11, itakuwa saa nzima. Fungua dirisha la pili, na wale 10 watatumia kama dakika 6 tu kila mmoja.

Swali la mzee lilikuwa jepesi zaidi. Mbele yake walikuwapo watu wapatao 36, kila mmoja akichukua dakika 5. Hizo ni saa tatu, nasi tulibakiwa na mbili. Ningeweza kumwambia, "Mzee, leo hutafikiwa, njoo kesho asubuhi."

Ndugu msomaji, subira huvuta heri, lakini anayengoja ana haki ya kujua atangoja kiasi gani. Hesabu ile haikuhitaji Erlang. Ilihitaji niinue macho nihesabu watu.