Siasa si Maneno Matupu

Mtu akitaka kupuuza hoja siku hizi husema, "Hizo ni siasa tu." Neno limeonewa. Siasa limetokana na Kiarabu, siyasa, lenye asili ya kutunza na kuongoza farasi, kisha likapanuka hadi kuongoza watu. Katika Kiswahili lilibeba pia maana ya upole na busara: kumwendea mtu kwa siasa ni kumwendea kwa utaratibu.

Hivyo anayesoma sayansi ya siasa chuo kikuu si lazima awe mwanasiasa. Husoma katiba, uchaguzi, utawala wa umma na uhusiano wa kimataifa. Wapo wanaoingia katika siasa: Yoweri Museveni, aliyesoma uchumi na sayansi ya siasa Dar es Salaam hadi 1970, aliishia Ikulu ya Uganda. Lakini wahitimu wengine huwa maofisa ubalozini, watumishi wa halmashauri, waandishi wa habari, watafiti au walimu.

Wazazi, mtoto akichagua somo hili msimkatishe tamaa kwamba anakwenda kujifunza porojo. Anakwenda kujifunza jinsi watu wanavyoongozwa, na nchi zetu zinauhitaji sana ujuzi huo.